Harusi Iliyongoja Yai

Ninyi mnaoanza kazi kwenye mabwawa ya Pongwe, siku ile ya kuniaga mlinitaka nisimame niseme maneno mawili matatu kuhusu kazi. Nilisimama. Mliona wenyewe: nilisema "Assalaam alaykum," nikakaa. Kwa hiyo naandika. Shule nimeishia darasa la saba na mkono wangu ni mzito, lakini karatasi hainikodolei macho kama ninyi.

Mnaniita mstaafu na mnacheka, kwa sababu ndevu zangu za kulia bado hazijakutana na za kushoto. Chekeni tu. Mtu akiacha kazi mwenyewe, asifukuzwe, na akaagwa kwa soda na maandazi, huyo amestaafu.

Mimi nililelewa kazini na Mzee Kaniki, yule Msambaa mrefu ambaye sasa hivi mnamwogopa. Msimwogope. Sauti yake ni kubwa kwa sababu amekaa miaka mingi karibu na pampu ya maji. Siku yangu ya kwanza alinipa perege jike mkononi, mdomo umemvimba kama mtu aliyeficha kashata. Perege jike hubeba mayai yake mdomoni, na kazi yetu ni kumfanya ayateme kwenye beseni.

"Usimkabe," Mzee akaniambia. "Ukimkaba anameza. Ukimbembeleza sana anameza pia. Mfungue mdomo kama unayemwomba mkweo chumvi."

Sikuwa na mkwe wala sikujua anaombwaje chumvi. Yule samaki alimeza. Wa pili alimeza. Wa tatu alinitemea mayai yote usoni, ya manjano kama chembe za mtama, na Mzee akasema, "Huyo amekupenda. Endelea."

Yale mayai tunayalea kwenye chupa za soda zilizokatwa matako na kugeuzwa kichwa chini, maji yakiyarusharusha kama yalivyokuwa yakirushwa mdomoni mwa mama. Hilo mmeshaliona. Ambalo watu hawaelewi, hata wanaotoka mbali kuja kununua, ni hili: kifaranga cha samaki kinapotoka kwenye yai, mwili wake bado haujaamua uwe wa dume au wa jike. Katika majuma yale ya mwanzo, homoni ndiyo inayoelekeza. Homoni ni kama tarishi anayebeba agizo ndani ya mwili. Sisi tunamtuma tarishi wetu mapema, ndani ya chakula, na anapeleka agizo moja tu: kuweni madume.

Mtauliza kwa nini. Aliniuliza hivyohivyo bwana mmoja wa Pangani, mwenye mashamba ya minazi, aliyekataa kununua vifaranga vyetu kwa sababu ni ghali. Akapata vyake kwa mtu mwingine, mchanganyiko wa madume na majike. Baada ya muda akatupigia simu kwa furaha: bwawa limejaa! Samaki wamezaa, na watoto wao wanazaa! Siku ya kuvua akatualika tuone aibu. Tulivuka kwa pantoni, tukafika, wavu ukavutwa. Walikuwa maelfu, na mkubwa wao alikuwa kama kidole changu cha kati. Majike huanza kuzaa wakiwa wadogo, nguvu yote inakwenda kwenye mayai, na watoto wanagombea chakula na wazazi. Hakuna anayekua. Yule bwana aliwakaanga kama dagaa, akatukaribisha, na hakuna aliyemcheka isipokuwa Mzee Kaniki, ambaye alicheka kuanzia kwenye karai mpaka kwenye pantoni.

Lakini homoni peke yake si kitu kama tumbo ni tupu. Tajiri wetu aliwahi kuona dagaa wa kusaga wamepanda bei, akaamuru tuwape vifaranga pumba za mahindi tu. Wakaota vichwa, miili ikabaki nyuma. Walikuwa kama misumari inayoogelea. Tuliporudisha dagaa na mashudu ya soya walinenepa kidogo, ila wenzao waliokula vizuri tangu mwanzo hawakuwafikia kamwe. Mzee Kaniki alijaribu kumwambia mteja kuwa ni aina mpya, fupi, ya watu wenye vikaango vidogo. Mteja akamwambia nyumbani kwake ana sufuria. Basi mjue: kilichokosekana utotoni hakilipiwi ukubwani, hata umlishe mtu biriani kila siku.

Sasa nifike kwenye homoni yenyewe, maana ndiyo iliyokaribia kuninyima mke.

Dawa ile tunaiyeyusha kwenye spiriti, tunainyunyizia chakula, tunakoroga, kisha tunaanika kivulini mpaka harufu ya spiriti iishe. Wakati ule tulikuwa na majamvi mawili. Jamvi moja la chakula cha dawa kwa ajili ya wale wachanga, jingine la chakula kitupu kwa waliokwishakua kidogo. Vyote viwili ni unga wa kahawia unaonuka dagaa. Ukishakauka, hata wewe uliyeukoroga huwezi kutofautisha. Kwa hiyo Mzee alikuwa na utaratibu wake: jamvi la dawa hukaa upande wa kibla, jamvi la kitupu upande wa mlangoni. Hakuna alama wala kibao. "Kibla hakihami," alikuwa akisema, na kweli hakihami.

Ndipo akaja Saumu. Alikuja Pongwe na wifi zake kununua perege wa shughuli. Nilimpimia samaki huku nikiangalia mizani. Alirudi tena wiki iliyofuata, nikaangalia mizani. Mara ya tatu akaweka kapu chini akaniuliza, "We kaka, unataka kunioa au unataka kunipimia tu?"

Nikasema, "Vyote."

Hayo ndiyo maneno yangu yote ya uchumba. Wazee wangu wakapeleka posa kwao, Moa, huko karibu na mpaka. Baba yake, Mzee Faki, ni mtu wa asili ya Pemba, mfanyabiashara, mtaratibu, ana watoto wa kiume wengi na wa kike mmoja tu, Saumu. Akapokea barua ya posa, akasema wampe muda waulizie. Kuulizia mnakujua. Kwao anayeulizia ni Shangazi Riziki, dada yake, mwanamke ambaye akikutazama unakumbuka hata makosa ambayo hujayafanya.

Alikuja mabwawani peke yake, amejitia ni mteja. Mimi nilikuwa ndani ya maji mpaka kifuani, nimeinama kwenye chandarua, na nilipoona mama mgeni anakuja nikazama kidogo zaidi, kwa kuona haya tu. Sikumjua, na yaliyofuata nilisimuliwa. Akazungumza na Mzee Kaniki, adhana ya adhuhuri ikasikika, akaomba mahali pa kusalia.

Mzee ni mkarimu. Akasema hatumsimamishi mgeni palipojaa unga. Akaliinua jamvi la dawa kutoka upande wa kibla, akalisogeza mlangoni, jamvi la kitupu akalipeleka nyuma, akafagia, akamtandikia mkeka safi. Mama akasali akamaliza. Wakati wa kuondoka akasema:

"Baba, hicho chakula cha samaki kinanukia dagaa hasa. Huna kidogo nikawape vifaranga wangu wa kuku? Wamedumaa."

"Kidogo? Chukua mpaka uchoke," akasema Mzee, akachota bakuli zima kutoka kwenye jamvi la mlangoni. Mkono umezoea. Kitupu kiko mlangoni.

Mama aliondoka na pikipiki, amekumbatia mfuko wake. Mzee alipokuwa anarudisha majamvi mahali pake ndipo akaona jamvi la dawa lina shimo. Akalitazama shimo. Akakitazama kibla. Akaniita nitoke majini.

"Yule mama anakaa wapi?"

"Sijui, Mzee. Mimi nilikuwa chini ya maji."

"Hata jina hukusikia?"

"Chini ya maji hakusikiki."

Tuliuliza waendesha pikipiki wote wa pale njiani. Hakuna aliyemkumbuka zaidi ya kusema alimpunja nauli. Mzee akajipa moyo kuwa ni kuku tu, tena bakuli moja tu.

Simu ikaja baada ya majuma matatu hivi. Alikuwa Saumu, ananong'ona, sijui analia au anacheka.

"Mwenzangu, huku kuna vifaranga wanawika."

"Majogoo?"

"Vifaranga! Wana manyoya ya mtoto bado! Vimeota upanga mwekundu kichwani kama jogoo mzee, vinasimama juu ya kinu, vinawika. Mmoja akianza wote wanaitikia. Maalim ameitwa asome dua, aliposema 'Amin' wakawika. Shangazi amekumbuka chakula amekipata wapi. Baba anasema mje kesho, wewe na huyo mzee wako, kabla hajairudisha posa."

Mimi usiku huo sikula. Mzee Kaniki alikula chake na changu, akasema ana mawazo.

Tulipofika Moa tukawekwa barazani. Mzee Faki ameketi, Shangazi Riziki kasimama, nyuma ya pazia la mlango naona vidole vya mguu vyenye hina, ndiyo Saumu. Tukaamkia, shikamoo, marahaba. Halafu kutoka uani ikaja sauti, nyembamba, kama bawaba ya mlango isiyopakwa mafuta: kiii-kiriii-kiii!

"Mmesikia?" akasema Shangazi. "Na huyo nadhani ni jike."

Mzee Faki akanigeukia taratibu. "Kijana, yakhe, hebu nieleze. Kazi yako hasa ni nini?"

Nikafungua mdomo. Nikaufunga. Mzee Kaniki akaona nazama, akajitosa kuniokoa.

"Kazi yetu, mzee mwenzangu, ni kugeuza majike kuwa madume!"

Alilisema kwa fahari, kwa sauti ile ya pampu. Hata jirani akatoka nje. Vidole vyenye hina vikarudi nyuma hatua moja.

"Umesikia, kaka?" Shangazi akapiga kofi. "Mimi nilikuja kukwambia kijana ni mkimya, ana haya, kaniona kajificha majini. Kumbe anaficha kazi! Mtoto wako wa kike ni mmoja, Faki. Mmoja! Akafue nguo za huyu, akapike, akalale, baada ya mwaka unaletewa mtoto wa kiume mwingine, ana ndevu, anaitwa Saumu!"

Mzee Faki hakucheka. "Ni kweli atageuka?"

Hapo nikajua nisiponena mimi, Mzee Kaniki atanena tena. Nikasema huku nikiwatazama kuku waliokuwa wanapita.

"Hageuki, baba. Dawa ile ina nguvu kwa kiumbe ambaye mwili wake ndiyo kwanza unajengwa. Mtu mzima ameshajengwa. Hata hawa vifaranga hawajageuka. Kifaranga cha kuku kinatoka kwenye yai kikiwa jike au dume tayari. Dawa imewadanganya tu, imewaharakisha upanga na sauti. Ukiwanyima itawatoka, na majike watakuwa mitetea."

"Una hakika?"

"Nina hakika, baba."

"Na mwanamke akiwa mjamzito? Mtoto aliye tumboni si ndiye huyo anayejengwa?"

Lilikuwa swali zuri kuliko yote niliyowahi kuulizwa na wateja. Ningeweza kumdanganya. Mzee Kaniki alikuwa ananikanyaga mguu nidanganye.

"Huyo, baba, siwezi kumwapia," nikasema. "Vumbi la dawa likija na nguo zangu nyumbani, sijui kiasi gani ni kidogo na kiasi gani ni kingi. Ninachoweza ni kuahidi. Nguo za kazi zibaki kazini. Na siku mke wangu atakapopata ujauzito, kazi ile naiacha."

Shangazi akasema hayo ni maneno tu, na maneno yenyewe kayatoa kwa shida. Mzee Faki akafikiri. Akamwita kifaranga mmoja, mwenye mabaka meupe, upanga umemlalia jicho kama kofia.

"Riziki, huyu unasema ni jike?"

"Jike. Tangu katoka kwenye yai nasema jike, na sijawahi kukosea."

"Basi hatumpi tena chakula kile. Tunamlea. Akitaga, kijana kasema kweli, aje aoe. Akiwa jogoo, au akibaki hivihivi alivyo, si mume si mke, posa irudi. Nimemaliza."

Hivyo ndivyo ndoa yangu ilivyowekwa ndani ya tumbo la kuku.

Tukakaribishwa chakula, maana ugomvi ni ugomvi na wali ni wali. Shangazi akafunua sufuria. Chini ya mfuniko alikuwa amefunika wali kwa mfuko wa nailoni, umenywea kwa mvuke, umegandia pembeni, kama wanavyofanya wengi ili uive vizuri. Nikamwomba Mungu Mzee Kaniki asiuone.

"Shangazi," akasema Mzee Kaniki, "hiyo nailoni."

"Ina nini?"

"Ikipata moto inatoa vitu vinavyojifanya homoni. Vinaingia kwenye wali, na watoto wadogo ndio..."

"Yaani wewe," akasema Shangazi, mwiko umesimama hewani, "wewe uliyewatia kuku wangu ndevu, ndiye wa kunifundisha kupika?"

"Nasema tu."

"Kula!"

Alikula. Lakini niliona Mzee Faki anakiangalia kile kinailoni, anawaangalia wajukuu waliokuwa wanangoja ukoko, na Saumu aliniambia baadaye kuwa tangu siku ile wali wa pale unafunikwa kwa jani la mgomba. Shangazi anasema ni kwa ajili ya harufu.

Kazini nilianza kuwa mkali, nami sijawahi kuwa mkali. Chakula cha dawa tukakihamishia chumba chenye kufuli. Nikakitia rangi nyekundu ya keki kidogo ili hata mkono uliozoea ukijue. Glovu kila mara, barakoa kila mara. Mzee Kaniki alikuwa akikoroga kwa mikono mitupu, anasema watoto ameshazaa wote na idara hiyo ameifunga. Nikamwambia ana wajukuu wanaopenda kulamba mikono yake akirudi na maandazi. Akavaa. Maji ya matangi ya wachanga tukaacha kuyamwaga mtoni, tukachimba shimo la kokoto na kupanda matete, yakae humo kwanza. Hayo mnayoyakuta leo na kuyaona ni usumbufu yalianza kwa kijana aliyekuwa anataka kuoa.

Na kule Moa kuku alikuwa analelewa kama mtoto wa sultani. Saumu ananiletea habari kwa simu. "Leo kawika mara moja tu." "Leo kajaribu, sauti haikutoka, kaona haya kama wewe." "Upanga umeanza kusinyaa." Halafu kwa muda mrefu habari ikawa moja: manyoya yameota, amekuwa tembe mzuri, lakini hatagi. Wenzake wawili wakadhihirika kuwa majogoo kweli. Vijana wa pikipiki wa Moa wakinibeba siku za kupeleka samaki walikuwa hawaniulizi hali. Wananiuliza, "Vipi, kwako bado?" Mmoja alinishauri nije nimsemeshe kuku mwenyewe. Nikamwambia sijaweza kumsemesha hata Saumu.

Siku moja ya Ijumaa nikaitwa. Saumu hakunong'ona, alipiga kelele mpaka simu ikakwaruza. Mzee Kaniki akavaa kanzu, tukaenda.

Barazani palijaa watu ambao sikuwajua, wamekuja kwa ajili ya yai. Lilikuwa katikati ya sinia, dogo, la rangi ya chai ya maziwa. Shangazi Riziki alikuwa amekaa karibu nalo kama yeye ndiye aliyetaga.

"Nilisema jike," akawaambia watu. "Nilisema au sikusema?"

Nikamtazama Mzee Faki, nikidhani sasa ataniambia karibu mwanangu. Akamwita Saumu, akampa lile yai. Likarudi limechemshwa.

"Kijana," akasema, "ulisema dawa inatoka mwilini ukiacha kuitia."

"Ndiyo, baba. Hata samaki tunaowauza, tangu waache dawa mpaka waliwe ni miezi mingi."

"Haya. Kula."

Mzee Kaniki, ambaye maisha yake yote hajakataa chakula, alirudi nyuma kidogo ili asije akagawiwa. Nilimenya. Sikuogopa yai, niliogopa macho. Nililitia lote mdomoni kwa mara moja, shavu likanivimba, na watu wote wananitazama kidevu.

Nikatafuna. Nikameza. Shangazi akainama, akanichungulia shingoni kushoto, akanichungulia kulia, akanusa.

"Sema neno," akaamuru.

Maisha yangu yote sijawahi kuwa na la kusema mbele za watu. Siku ile nilikuwa nalo.

"Chumvi," nikasema.

Saumu ndiye aliyeileta, mbele ya wote, bila pazia. Tukaoana mwezi uliofuata. Na juzijuzi aliponiambia ana ujauzito, nilikunywa chai yangu, nikavaa viatu, nikaja Pongwe kuwakabidhi ninyi ufunguo wa chumba cha dawa.